Jimbo Halishtakiwi

Harlan Springs, Alabama
Oktoba 9

Dada yangu mpenzi Maureen,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumaini goti linaendelea vizuri na dawa mpya zinakusaidia. Mimi ni mzima, ila hasira zimenijaa hadi kooni.

Nadhani umesikia kwamba nimestaafu. Sijastaafu. Jumatatu niliingia chumba cha walimu nikakuta keki yenye jina langu na maneno ya kunitakia mapumziko mema, wenzangu wamesimama na sahani za karatasi mikononi. Hivyo ndivyo chuo chetu kinavyofukuza watu, kwa sukari. Mkuu wa idara, Bwana Pruitt, alinieleza kwa upole kwamba jiolojia inahitaji damu changa. Nikaibeba keki yote, nikawagawia wanafunzi wangu, nikafundisha habari za mawe mpaka kipindi kikaisha.

Kesho yake nikaenda kwa wakili, Bi. Odette Crenshaw. Alinisikiliza, akashusha pumzi. Akanieleza kwamba chuo ni cha jimbo, na mtu kama mimi hawezi kulidai jimbo fidia mpaka lenyewe likubali kushtakiwa, sheria tuliyoirithi kwa wafalme wa Uingereza wasioshtakiwa. Nikamuuliza kama mfalme hatukumfukuza zamani. Akacheka, akasema, "Mfalme alikwenda zake, mama. Joho akatuachia."

Nikainuka niondoke, akanirudisha kitini. Pesa nizisahau, alisema, lakini kazi yangu naweza kuidai: afisa aliyetia saini niondolewe anashtakika kwa jina lake, mahakama imwamuru anirudishe darasani.

"Huyo hana pa kujificha," alisema. "Unamjua?"

Namjua, dada. Ni Wendell, mume wako. Hakukwambia, sivyo? Alitia saini huko makao makuu ya chuo, kisha Jumapili akaja kula kuku kwangu, akaomba na kipande cha pili.

Kesi tunaifungua Ijumaa. Sikuombi ruhusa. Nimekuandikia ili usije ukasikia kwa watu. Ukinifungia mlango siku ya Shukrani, familia zinapokula pamoja, nitalia sana, maana sina ndugu mwingine duniani. Nitalia, nitanawa uso, na siku ya kesi nitakuwa mahakamani.

Nibusie wajukuu, na majirani wote wape salamu zangu. Wendell usimpe. Zake atazipata kutoka mahakamani.

Mimi mdogo wako, mwalimu bado,
Lorene