Kabla Hawajatia Sahihi

Dada,

Shikamoo. Najua utacheka, mtu wa kompyuta kukuandikia kwa kalamu. Mwenzangu anakuja huko likizo, nikaona nimpe bahasha, maana simu zetu hapa zinasikilizwa.

Mimi mzima, ila viatu ulivyonichagulia vinanibana, na ofisi ina baridi utadhani tumo ndani ya friji. Hili shirika la nchi nyingi la kulinda mitandao bado halijazaliwa. Wakubwa wanagombania nani awe mkurugenzi, na wamekubaliana jambo moja tu: tahadhari yoyote isitoke mpaka kila nchi itie sahihi. Sisi mafundi tunaiona hatari kwenye skrini, tunafunga mdomo, tunakunywa chai.

Mama anaendeleaje huko hospitali? Jirani yake wa kitanda, yule anayemsuka nywele, bado anamchekesha?

Dada, mhamishe mama. Wahalifu wameshaingia kwenye mtandao wa hospitali hiyo, na siku wakiamua, mashine zote zitazimika, hata ile inayomsafisha damu. Mpeleke hospitali ndogo ya karibu na kwako, mashine zao hazijaunganishwa na mtandao wowote. Waambie wanaomtibu sasa kwamba umechoka na safari ya kwenda huko. Ukitaja sababu, mimi nafukuzwa, pengine nafungwa kabisa.

Yule jirani akiuliza mbona mnahama na yeye anabaki, sijui umwambie nini. Nimeishika kalamu hii mpaka chai imepoa. Mjibu wewe, dada. Mimi nimeshindwa.

Mdogo wako