Rudisheni Mchango wa Wakili

Thornton Heath, London

Dada Placida,

Shikamoo. Hapa tu wazima, baridi inapungua, kitambi changu kinaongezeka. Usiucheke mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Nasikia umeitisha kikao cha ukoo mnichangie pesa za wakili, na Baba Mdogo katoa mpaka mbuzi. Dada, wewe hukawii! Mrudishieni mbuzi wake. Mkataba wetu ni huu: nikishindwa kesi, wakili hanidai ujira. Nikishinda, anakata fungu lake kwenye fidia, lisizidi robo. Ila sharti nisimdanganye.

Basi nikamweleza yote: sakafu ya ghala la kazini ililowa, hawakuweka alama, nami nilikuwa nakimbilia chai nikateleza, nikaangukia mkono wa kulia. Akacheka, akaandika hata hiyo chai.

Binti yangu Vaileth, ambaye Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza, akamkazia macho: "Tukishindwa, utakuwa umefanya kazi bure. Kwa nini ukubali?"

Wakili akajibu, "Kesi nisiyoiamini siichukui."

Vidole viwili bado havikunjiki, na daktari haahidi kitu. Mama asijue.

Lakini Dada, miaka kumi na tisa nchi hii, kila ofisi hunidai vitambulisho kabla ya salamu. Leo mwenye ofisi amekubali kuhatarisha jasho lake kwa sababu ameniamini mimi. Kesi haijasikilizwa, lakini natembea kifua mbele kama aliyekwisha kushinda.

Mdogo wako, Mhaya kamili,
Laurean