Mkono Alioutoa Mwenyewe

Tarime, Jumapili

Shikamoo Tata,

Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Gorong'a, na lile goti limetulia. Mimi sijambo. Ningepiga simu, lakini wewe simu unaiweka spika boma zima likasikia, na haya ni yako na mama tu.

Juzijuzi wodini kwetu aliletwa kijana kutoka Nyamongo, amefungwa kamba za ng'ombe. Wenzake wa machimboni walisema halali tena, na kuna sauti zinamwambia ajiue. Niliagiza afunguliwe, nikakaa naye chini, nikamsihi ameze vidonge. Alikataa. Nilirudi tena, akakataa. Kisha akaanza kugonga kichwa ukutani mpaka damu ikatoka. Daktari Joram akasema hatuwezi kungoja akubali, atatufia mikononi. Wenzangu wakamshika, nami nikamchoma sindano.

Unajua kwetu kushikwa ni aibu gani, Tata. Mwanaume aliyesimama mbele ya kisu cha tohara bila kushikwa na mtu, leo akandamizwe sakafuni, tena na mwanamke ndiye mwenye sindano! Alipiga kelele kwamba tumemrudisha utotoni. Nami nililia, ila nilijifungia chooni kwanza.

Alipotulia sikumkwepa. Nilimweleza tulichomfanyia na kwa nini, nikamwambia ana haki ya kunikasirikia. Naye alinikasirikia kweli, hata salamu hakuitikia. Jana ilikuwa zamu ya sindano nyingine. Wauguzi wakasogea tayari kumshika, akawaambia wakae mbali. Akakunja mkono wa shati, akaunyoosha, akanitazama usoni wala hakupepesa macho. Nikamchoma, hakuna aliyemshika. Wapo wanaosema nilisomea kuchunga vichaa, lakini jana nilitembea kifua mbele, Tata.

Sasa kama umesimama, kaa. Kijana huyo ni Mogesi, mwanao. Hakutaka ujue, aliogopa utasikia kwamba alishikwa. Mara moja tu nilimfanyia jambo bila ridhaa yake, kwa kuwa uhai wake ulikuwa unaponyoka. Hili la kukuandikia nilimwomba, akakataa, nikangoja. Leo asubuhi amekubali.

Atakuja nyumbani akiruhusiwa. Ukimwona usimuulize habari za kushikwa, muulize habari za jana.

Msalimie sana mama na wote hapo bomani.

Ni mimi binti yako,
Bhoke

Mogesi yuko hapa pembeni yangu. Naye anasema shikamoo.