Giaboksi Uliyonificha

Mtani wangu Yona,

Mwizi wewe. Nimeanza na hilo kwa sababu tangu jana nalitamka peke yangu hapa gerejini huku nacheka, na wateja wameanza kunitazama kwa huruma. Wanadhani msiba umenipanda kichwani. Waache wadhani.

Miezi mitatu imekwisha tangu tukuzike. Gereji yetu ya Mkonze bado inasimama. Bati la upande wa choo liliezuliwa na upepo, nikalirudisha mwenyewe, nikajiponda kidole, nikakulaumu wewe. Mkeo hajambo. Kila Jumatano ananiletea mlenda, anasema Mnyamwezi asije akafa njaa mikononi mwa Wagogo wakapata jina baya. Mwanao Neema amepangiwa kazi ya chanjo ya mifugo vijiji vya upande wa Bahi, na kuna mtu alikuja akitaka kulinunua gari lako, Neema akamkatalia. Nilidhani alimkatalia kwa sababu ya maneno yangu mimi, na hapo ndipo penye mkasa.

Unajua tulivyoishi. Miaka thelathini chini ya bati moja, na miaka thelathini ubishi mmoja. Wewe na Mwingereza wako wa kijani, mimi na Mjapani wangu mweupe. Magari mawili ya porini, umri karibu sawa, yamepita makorongo yaleyale, na kila asubuhi kabla ya chai lazima mmoja wetu alitukane la mwenzake. Ulikuwa unapiga bodi ya Mwingereza kwa kiganja na kusema, "Aluminiamu hii. Iache nje mpaka Yesu arudi, kutu hutaiona." Mlango ukigoma, unafunga kwa waya. Springi ikikatika, mhunzi yeyote wa kijijini anakutengenezea. Nami nilikuwa nakujibu kwamba gari linalohitaji waya, mhunzi na sala ni la kulazwa wodini. Mjapani unawasha, anaondoka. Basi ukaniuliza soksi zangu za njano nilinunua wapi, maana umeziona kupitia sakafu ya gari langu.

Na ule msimu wa zabibu kule Makutupora. Mkulima mmoja, kreti sawa kwa sawa, barabara moja ya mashimo. Tulipofika mjini tukafungua. Zangu chini zilikuwa zimeshageuka juisi, kwa jinsi springi za Mjapani zilivyo ngumu. Zako zilikuwa nzima zote, lakini kwa milango ile isiyofunga zilijaa vumbi la kutosha kupandia uwele. Mkulima akatutazama, akasema mwaka ujao atakodi punda. Nilicheka mpaka nikakaa chini barabarani.

Kila nikikushinda ulikuwa na jibu lako moja: "Mnyamwezi atajuaje gari? Babu yake ndiye aliyekuwa gari." Nami nakukumbusha kwamba babu zako walikaa kwenye visima kuwatoza hongo hao wapagazi kwa maji ya Mungu, na kazi ngumu hawakuijua. Watu wageni wakitusikia walidhani tutashikana mashati. Hawakujua utani wa Wagogo na Wanyamwezi ni kitu gani.

Kutokana na utani huohuo tuliwekeana sheria mbili. Ya kwanza, mkono wa Mnyamwezi usiguse gari la Mgogo, wala wa Mgogo usiguse la Mnyamwezi. Kila mtu alaze mgongo wake chini ya gari lake. Ya pili uliitoa wewe, ukiwa mzima wa afya na mdomo umejaa karanga: atakayetangulia apelekwe kaburini kwa gari lake mwenyewe. Likifika bila kusukumwa, atakayebaki asimame mbele ya waombolezaji wote, akiri kwamba gari la marehemu ndilo gari.

Nami nilikubali. Nilikubali kwa sababu nilijua Mwingereza hafiki.

Siku ya kukuzika nilifanya ya mtani. Nilimfunga Mjapani kamba nene, nikaingia nyuma ya msafara, nikawatangazia wote kwamba nakwenda kumvuta marehemu, maana gari lake litamwacha njiani. Wanakwaya wako walicheka huku machozi yanawatoka. Hata mkeo alicheka, Yona, nilimwona. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na lile korongo la kabla ya kijiji chenu lilikuwa na maji na mchanga uliolegea. Neema alikuwa kwenye usukani wa Mwingereza, na jeneza lako nyuma. Akaingia korongoni polepole, gia ya chini, bila kuyumba, akatoka ng'ambo kama anayevuka uwanja wa shule.

Nikaingia mimi. Nikazama mpaka ekseli.

Sitaki kuyarudia yote. Nitasema tu kwamba baada ya kukuzika, Mwingereza alirudi korongoni akanivuta kwa kamba yangu mwenyewe, na kijiji kizima kilikuja kutazama, pamoja na mchungaji wako. Lakini kabla ya hapo nilitimiza ahadi. Nilisimama kando ya kaburi, suruali imelowa matope hadi magotini, nikasema kwa sauti: "Mwingereza ndiye gari. Yona alisema kweli." Nikalia. Nililia vibaya, mtu mzima na ndevu zake, na hakuna aliyenicheka.

Sasa sikia ya jana.

Asubuhi Neema alikuja na gari. "Shikamoo baba mdogo. Kuna oili inadondoka chini, na Jumatatu naanza safari." Nikamwambia siwezi kuligusa, sheria ni sheria. Akaniangalia kwa jicho lako lilelile la kumtazama mteja mbishi. "Baba hayupo. Usiposhika wewe, nani?" Akaniachia ufunguo, akaenda mjini kuchukua madumu ya barafu ya chanjo. Nikasimama mbele ya boneti, nikakuomba ruhusa kwa sauti, nikajua hutajibu, nikaingia uvunguni.

Nilidhani macho yananidanganya. Nikasogeza tochi. Nikafuta matope kwa tambara, nikakwangua rangi ya kijani kwa bisibisi. Yona, kitu nilichofungua na kufunga mara nyingi kuliko nilivyofunga vifungo vya shati langu, nitakosaje kukijua? Giaboksi ya Mjapani, aina ileile ya gari langu. Umeitengenezea vyuma vya kuishikilia, kazi safi, kulehemu kwako kule kama mshono wa cherehani. Umeipaka rangi ya Mwingereza ifanane. Juu, ndani ya gari, umeacha kirungu cha gia kilekile cha zamani, kilicholika kwa kiganja chako.

Ndipo nikakumbuka. Mwaka ule nilipokwenda Tabora kula Idi kwa dada yangu, niliporudi nilikuuliza mbona Mwingereza ameacha kulia akiingia gia ya pili. Ukanijibu, bila kupepesa jicho, "Nimebadilisha oili. Nimeweka nzito." Na mimi, fundi mzima, nikaamini. Siyo kuamini tu, nikaenda kuhubiri. Mpaka leo kuna mwalimu wa chuo kule Chimwaga anaweka oili nzito kwenye gari lake kwa ushauri wangu, na kila tukikutana ananishukuru.

Nilicheka uvunguni humo mpaka tochi ikaniponyoka. Halafu kicheko kikakatika, maana nilimkumbuka Neema. Mtoto amekataa kuuza gari kwa ushahidi wangu wa kaburini. Jumatatu anaingia porini peke yake. Giaboksi ikimsumbua huko, ataagiza spea za Mwingereza, zitakuja, hazitaingia, na chanjo zitaharibika kwenye jua akiwa amekaa chini ya mgunga. Lazima ajue. Na ili ajue, lazima nimwambie kwamba baba yake, ambaye kila mteja wa Mkonze anamtaja kwa ukweli wake, alidanganya miaka yote hiyo na akaenda kaburini na uongo wake. Yeye anao ukumbusho mmoja tu wa kuushika kwa mikono, na mimi ndiye wa kuutia doa.

Aliporudi nilimkalisha. Nikampa chai. Nikazunguka mbali sana, nikaanzia kwenye mvua, nikapitia bei ya sukari, mpaka akaniambia, "Baba mdogo, sema." Nikasema.

Akaweka kikombe chini. Nikajua nimeharibu.

"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nampa spana."

Mwanao, Yona. Amekaa nalo miaka yote na hakunong'ona hata kwa paka. Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha nisimame kaburini nikiri mbele ya kijiji. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, akichanganya kama afanyavyo mama yake. Akasema ulimwagiza hivyo ulipokuwa umelala hospitali. Akayarudia maneno yako kwa sauti yako: "Ramadhani atalia sana huyo. Mwache akiri kwanza. Halafu mpelekee gari alifungue. Atanitukana, na akishanitukana atapona."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya gereji. Nilikutukana, Yona. Kwa Kiswahili, kwa Kinyamwezi, na kwa maneno machache ya Kigogo uliyonifundisha ukinidanganya kwamba ni salamu. Niliporudi ndani nilikuwa na njaa. Nilikula sahani mbili za ugali na mlenda wa mkeo, na tangu tukuzike nilikuwa sijamaliza hata moja.

Oili ilidondoka kwa ajili ya sili tu, ule mpira wa kuzibia, nimeibadilisha. Spea nimemwandikia Neema kwenye karatasi, ipo ndani ya droo ya gari, zote za Kijapani, na nimeiandika kwa herufi kubwa ili nawe uione. Watu wa nyumbani kwenu wakikutana kwa kumbukumbu yako baada ya mavuno, nitasimama palepale kaburini nifute ushahidi wangu neno kwa neno. Nimeshamwomba mchungaji nafasi. Amesema nitakuwa wa mwisho, maana baada yangu hakuna atakayesikilizwa.

Pumzika, mtani. Gari la mwanao hatalishika fundi mwingine maadamu naweza kuinama. Na kila Ijumaa nikitoka kuswali, hii nakuahidi, nitakuombea kwa Mungu kwanza, vizuri, kwa jina lako lote. Nikimaliza, nitakutukana.

Wako,
Ramadhani