Hatua Kumi za Ukuta

Jumatano, 13 Agosti

Mizunguko kumi na miwili ya uwanja wa shule kabla ya kengele. Goti la kulia linalalamika kwenye kona. Nimelifunga bandeji, nikavuta soksi ndefu juu yake. Hakuna anayejua. Tangu nilipoteleza mwezi wa nne kule Mgeta, nikishuka kutoka kwa dada na ndoo ya njegere, halijawahi kukaa sawa. Mtihani wa mbio wa marefa nilifaulu mwezi wa sita kwa kumeza vidonge viwili. Nilimaliza ndani ya muda, basi.

Nimepangiwa Jumamosi. Nusu fainali ya ligi ya wilaya, Mlali wako nyumbani dhidi ya Turiani. Refa wa kati ni mimi. Hamisi atashika kibendera upande wa barabara. Jina langu ni kati ya matatu yanayosubiri kupandishwa daraja. Miaka kumi na tisa napuliza filimbi. Nalitaka daraja hili. Naliandika hapa kwa sababu mbele za watu nasema sijali.

Ijumaa, 15 Agosti

Jezi imepigwa pasi. Viatu vimepakwa rangi. Filimbi mbili, saa mbili, kadi, sarafu.

Tepu ya kupimia nimeiona kwenye droo, nikaifungia humo humo. Marehemu Mkude, aliyetufundisha urefa, alikuwa na sharti lake. Kila msimu mpya unachora mstari, unatembea hatua kumi, unapima. Lazima zifike mita tisa na sentimita kumi na tano, umbali wa ukuta kwenye faulo. Zikipungua, unajifunza kutembea upya kama mtoto. Ile dawa ya povu ya kuchora mstari kwenye majani tunaiona kwenye televisheni. Huku kwetu kipimo ni miguu ya refa.

Msimu huu sijapima. Miaka yote ilitoka tisa na kumi na tano, au ilipishana kwa upana wa kidole. Miguu yangu naijua.

Jumamosi, 16 Agosti

Niandike yote kwa mpangilio.

Mechi ngumu, ya kiungwana. Vumbi. Watu wamejaa mpaka kwenye mstari, wamama wa sokoni wamefunga meza wakaja. Dakika ya sabini na nne, bila kwa bila, faulo kwa Turiani, mbele kidogo ya boksi la Mlali. Nikasimama penye mpira. Nikahesabu hatua kumi, nikanyoosha mkono, Mlali wakapanga ukuta wa watu wanne hapo nilipoonyesha.

Nahodha wa Turiani akanifuata. Akasema, "Refa, ukuta uko karibu. Hesabu tena." Nikamwambia arudi kwenye nafasi yake. Akasema tena. Nikampa kadi ya njano.

Nikapuliza. Nikageuza macho golini, maana huko ndiko watu huvutana jezi. Nikasikia mlio wa mpira kwenye uso wa mtu. Si mlio wa kichwa. Shabani, beki wa kushoto, aliyekuwa mwisho wa ukuta, alikuwa chini, mikono miwili imefunika jicho la kulia, miguu inapiga ardhi.

Mpira kumfikia vile, kwa kasi ile, na umbali nimepima mwenyewe? Basi alichomoka. Ndivyo nilivyopiga hesabu, papo hapo. Watu wa Turiani nao wakapiga kelele kwamba amechomoka. Sheria ni kurudia. Nikaamuru faulo irudiwe, na Shabani nikamwonyesha kadi ya njano akiwa bado amelala.

Wakambeba nje. Faulo ikarudiwa, ukuta pale pale. Goli. Ikaisha moja bila. Mlali wametolewa.

Wakati natoka uwanjani hakuna aliyenitukana. Walikuwa wanamtukana Shabani.

Jumapili, 17 Agosti

Nimetoka kanisani, nimeandika ripoti, nimeituma kwa kamati. Kuhusu tukio la dakika ya sabini na nne: "Mchezaji alisogea mbele ya ukuta kabla mpira haujapigwa, akaumia kwa uzembe wake." Nimeisoma mara mbili. Sentensi nzuri, imenyooka.

Hamisi amepiga simu. Amesema upande wake hakumwona akisogea, ila mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikamwambia ndiyo, mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Jumanne, 19 Agosti

Nimekwenda hospitali kumwona. Si kawaida ya marefa. Nilichukua machungwa.

Kumbe ni fundi cherehani, ana kibanda chake pale Mlali sokoni. Ana miaka ishirini na minne. Jicho limefungwa pamba kubwa. Mama yake alikuwa ameketi mwisho wa kitanda, hakuniangalia sana. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Daktari amewaambia jicho hilo halitaona tena.

Shabani aliniamkia akiwa amelala. Akasema, "Nisamehe, mwalimu. Mimi sikumbuki kusogea. Lakini wote wanasema nilisogea, na wewe ulikuwepo, basi itakuwa nilisogea."

Mama yake akadakia, bila ukali, kwamba haraka ya mwanawe ilianza tangu tumboni. Alimkanya tangu mdogo. Sasa haraka imekula jicho na imekula timu ya kijiji, hata kiongozi mmoja wa timu hajakanyaga hospitali.

Nikamwambia Shabani nimemsamehe. Nikamshika mkono kabisa. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwema.

Alhamisi, 21 Agosti

Nilipewa kazi ya kuchora uwanja wa netiboli kwa majivu, mashindano ya shule ni wiki ijayo. Mwalimu Sabina alikuwa na tepu upande wa pili wa shule, nikaona ya nini kumsubiri. Nikapima kwa hatua, kama siku zote. Nikapiga kamba, nikamwaga majivu. Kazi safi.

Sabina akaja na tepu yake kuhakiki. Akapima urefu, akapima tena, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu, umetuchorea uwanja wa chekechea." Umepungua zaidi ya mita nne. Nikacheka naye. Kisha nikaacha kucheka, yeye akaendelea.

Niliomba tepu. Nilisubiri watoto wote waende nyumbani.

Nikachora mstari. Hatua kumi, mwendo wangu wa kawaida wa uwanjani. Mita saba na sentimita themanini. Nikarudia. Saba na sabini na tano. Mara ya tatu nilivuta hatua kwa makusudi, goti likawaka moto, ikafika tisa kasoro. Hakuna refa anayetembea hivyo, ningeonekana kama korongo kwenye jaruba. Goti halinyooki. Kila mguu wa kulia unapokwenda mbele unaishia njiani, na mimi nahesabu hatua nzima.

Nimeketi kwenye yale majivu mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 22 Agosti

Sijafundisha vizuri. Darasa la sita nimewapa zoezi, nikakaa.

Mita moja na theluthi. Shabani angezipata, labda angeinamisha kichwa. Labda asingeinamisha. Hilo sitalijua mpaka nife. Ninalolijua ni kwamba sikumwona akisogea. Nilimhesabia. Nilijumlisha hatua zangu, jibu likatoka yeye. Na yule nahodha wa Turiani aliniambia hesabu tena, mbele ya watu wote, nikamnyamazisha kwa kadi. Nyani haoni kundule. Miaka yote nawapiga marufuku wanafunzi kukadiria urefu kwa macho.

Naona aibu. Zaidi ya aibu, naogopa. Nimeandika "kwa uzembe wake".

Jumapili, 24 Agosti

Hamisi amekuja. Nimemwambia kila kitu, nikamtembeza hadi uwanjani akaona kwa macho yake, tepu mkononi. Ni rafiki, simlaumu kwa aliyosema.

Alisema matokeo hayatabadilika. Jicho halitarudi. Kamati inakutana wiki hii kupanga madaraja. Goti nitalitibu kimya kimya, msimu ujao nipime hatua zangu, maisha yaendelee. "Dada, ukiandika hilo umejizika mwenyewe. Na ukizikwa, nani anapona?"

Nikamchemshia chai. Tukaongea habari za mvua za vuli.

Alipoondoka ndipo liliponijia la kumjibu. Mtu mzima amekubali kosa ambalo hakumbuki kulitenda, kwa sababu refa amesema. Ameliamini neno langu kuliko mwili wake mwenyewe. Na mama yake kila siku anamsomea kosa hilo.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimeandika ripoti ya pili. Fupi. Kwamba umbali wa ukuta ulikuwa takriban mita saba na sentimita themanini, kwa kosa langu. Kwamba sikupima hatua zangu msimu huu na nilificha jeraha la goti. Kwamba sikumwona mchezaji akisogea na maneno ya ripoti ya kwanza ni ya kudhani. Kwamba kadi yake haikuwa halali, na ya nahodha wa Turiani haikuwa ya busara.

Nimeipeleka kwa mkono, ofisini. Katibu wa kamati aliisoma amesimama. Akaniuliza kama nimetumwa na Mlali. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nina matatizo nyumbani. Nikasema hapana. Akanitazama kama mtu aliyeletewa mzigo siku ya kufunga duka.

Nimetoka nikiwa na njaa. Nimekula wali nyama hapo stendi, sahani nzima. Ni mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeitwa. Watu watatu mezani, maji ya chupa, hakuna aliyepandisha sauti. Nimesimamishwa msimu huu na ujao. Daraja limefutwa. Baada ya hapo nitapimwa upya, goti na yote, kama nitataka kurudi. Nitakuwa na miaka arobaini na tatu, na umri huo hakuna anayepandishwa daraja. Wanajua, na mimi najua.

Niliuliza barua yangu itasomwa lini kwa viongozi wa timu. Katibu akasema haitasomwa. Itakaa kwenye faili. Matokeo yamebaki, fainali ni wiki ijayo, ya nini kuwasha moto uliokwisha kuzimika. Kadi ya Shabani itafutwa kwenye vitabu vyao.

Nikasema yeye hasomi vitabu vyao. Mwenyekiti akafunga kikao.

Kwa daraja nimelia, nikiwa bafuni, bomba limefunguliwa. Nisijidanganye kwamba sikulia. Lakini hili la faili limenikasirisha kuliko la daraja. Nilidhani nimeshamaliza kusema.

Ijumaa, 5 Septemba

Daktari ameliona goti. Kuna kitu kimechanika ndani, kilipaswa kushonwa tangu mwezi wa nne. Mficha maradhi, kifo humuumbua, akasema, akicheka. Yeye hajui aliyeumbuka, wala ni nani aliyepofuka kwa maradhi yangu.

Kesho nakwenda Mlali. Nimejaribu kupanga maneno, yote yanatoka kama ripoti.

Jumamosi, 6 Septemba

Nilifika saa nne. Kibanda chake sokoni kilikuwa kimefungwa. Muuza nyanya wa jirani alinionyesha nyumba kwa kidevu, akaongeza kwamba huyo ndiye aliyetutoa nusu fainali. Alisema "aliyetutoa", si "aliyeumia".

Shabani alikuwa barazani, anajaribu kutunga uzi kwenye sindano kwa jicho moja. Uzi ulikuwa unapita pembeni ya tundu. Hakuniomba nimsaidie, na mimi sikujipendekeza. Alipoutia, ndipo alipoinua uso. Akaniamkia, akanipa kigoda. Mama yake alikuwa uani anapepeta mchele.

Sikuzunguka. Nilimwambia ukuta niliuweka karibu, hatua zangu zilikuwa fupi kwa sababu ya goti, na sikupima. Nikamwambia sikumwona akisogea. Nikamwambia niliandika uongo nikidhani ni kweli, kwamba nimeshaandika ukweli, lakini wameuweka ndani ya faili, ndiyo maana nimekuja kwa mdomo wangu. Nikamwambia, "Hukusogea, Shabani."

Nilijiandaa kwa matusi. Nilijiandaa hata kwa kupigwa, nisiseme uongo.

Akauliza tu, "Una uhakika?"

Nikasema ninao, hata mshika kibendera hakumwona akisogea. Niliiweka tepu chini hapo hapo, nikatembea hatua kumi mbele ya nyumba yao, akasoma namba mwenyewe, akiinama karibu sana na ardhi. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma namba tatu.

Kisha akageuka kuelekea uani. "Mama. Njoo." Mama akaja, ungo bado mkononi. Shabani akaniambia, "Rudia, mwalimu. Lile la mwisho."

Nikarudia. Nikasema mwanao hakusogea, mama, kosa ni langu. Nililisema kwa sauti ya uwanjani, muuza mkaa wa ng'ambo ya njia akasimama kusikiliza.

Mama aliweka ungo chini. Hakunijibu mimi. Alikwenda akaketi kwenye mkeka karibu na mwanawe, akamwambia maneno machache kwa Kiluguru, polepole, akimtazama upande wa jicho lililofungwa. Kiluguru changu kinaishia kwenye salamu. Shabani akaitikia kwa kichwa, mara moja, halafu midomo ikaanza kumcheza.

Nikaaga. Nikakunja tepu, nikatoka. Hakuna aliyenisindikiza hata hadi njiani, na ilikuwa haki yao.