Bunduki ya Orville Mnadani

Ijumaa, 7 Februari

Del hajala. Mayai yamepoa, soseji imeganda mafuta, na yeye kaishika kompyuta kwa mikono miwili utadhani itamtoroka. Nimeuliza kuna nini. Kageuza kioo nikaona — bunduki ya Orville! Ile Savage yake ya mwaka ishirini na saba, yenye kidirisha cha shaba ubavuni kinachoonyesha risasi ngapi zimebaki. Ipo kwenye mnada wa mtandaoni, imelazwa juu ya kitambaa cheupe, imepigwa picha kila upande kama bibi harusi.

Orville, rafiki yake wa kuwinda, tulimzika Oktoba. Mkewe, Mavis, anahamia Erie kwa binti yake, na mjukuu ndiye aliyeipeleka kwa wauzaji. Nikamwambia Del, si umpigie tu Mavis akuuzie? Kanikata jicho! Mavis atamtajia nusu ya bei, pengine ampe bure, na hela anazihitaji. Ati mimi nataka amwibie mjane. Basi, ataipigania mnadani kama watu wengine. Unafungwa Jumapili ya wiki ijayo, saa kumi jioni.

Nampenda huyu mzee. Sijamwambia. Angeuliza nimevunja nini.

Jumamosi, 8 Februari

Ameweka dau. Jina lake la mnadani ni Kulungu Kiwete — mimi ndiye niliyempa, siku alipoteleza ngazini. Hata chai haijamshuka, mtu kapanda dau juu yake. Anajiita Mkia Mweupe. Del ameshaamua kuwa ni daktari wa meno wa Texas. Kwa nini Texas? Kwa sababu wana hela. Kwa nini meno? Angalia bili yetu ya mwaka jana, mke wangu.

Zamani isingekuwa hivi. Zamani jambo la kwanza ni kumpigia Lyle. Hii ndiyo desturi yao watu wa bunduki za zamani hapa kwetu: kabla hujaweka dau, unamwuliza mwenzako, unaitaka? Aliyesema kwanza ni yake, mwingine anakalia mikono. Orville, Del na Lyle wameishi hivyo miaka yote, na hawajawahi kupandishiana dau hata mara moja.

Lakini Lyle hapigi tena simu hapa. Tangu maonyesho ya bunduki ya mwaka jana pale ukumbi wa zimamoto, alipoiokota bastola ya Del, akaigeuza kwenye mwanga, akasema mbele ya watu wote kwamba imetiwa weusi upya. Herufi zimefifia, pembe zimelika, mtu kaipiga msasa kisha kaipaka. Sasa hapa kwetu unaweza kumwambia mwanamume mkewe hajui kupika. Unaweza kumwambia gari lake ni chuma chakavu. Hilo la bastola humwambii! Bunduki kuukuu yenye mikwaruzo yake ina heshima. Iliyotiwa weusi upya ni mzee aliyepaka nywele rangi. Del aliifunga bastola kwenye kitambaa akaondoka, sandwichi yake akaiacha mezani.

Hawajasemezana tangu siku hiyo. Jeneza la Orville walilibeba pamoja, mmoja kulia mmoja kushoto, na hawakutazamana.

Na bado Del ananunua ile haradali kali anayoipenda Lyle. Sisi wawili hatuili. Imejaa kabatini.

Jumatatu, 10 Februari

Texas kapanda. Del kamjibu. Texas kapanda tena.

Nimemwambia asubiri siku ya mwisho kama watu wenye akili. Akanieleza kwa upole, kama mwalimu wa chekechea, kwamba kuvizia siku ya mwisho hakusaidii. Mtu akiweka dau dakika za mwisho, saa inarudishwa upya kwenye dakika kumi na tano. Mnada haufungwi mpaka dakika kumi na tano zipite kimya kabisa, hakuna aliyegusa. Nikasema, kwa hiyo mkiwa wakaidi wawili haufungwi milele? Akasema ndiyo, kinadharia.

Leo sina mume. Kuna mtu tu jikoni anayetukana meno.

Jumatano, 12 Februari

Mungu wangu.

Jumatano ni siku ya kutengeneza pirogi kanisani, tunaziuza Ijumaa. Mimi na Faye, mke wa Lyle, tuko meza moja siku zote — sisi hatukugombana, nani ana muda huo? Yeye anakata unga kwa kikombe, mimi natia viazi na kubana kingo. Nikamwuliza, mzee wako hajambo? Faye akapuliza hewa. Ati hajambo wapi, shoga! Wiki nzima yuko kwenye kompyuta anapigana na tajiri mmoja wa Florida. Anamjua ni wa Florida kwa sababu ana jina la kipuuzi.

Jina gani?

Kulungu Kiwete.

Pirogi ilinipasukia mkononi. Nikamwambia Faye aweke chini kikombe. Nikamwambia kulungu huyo nampikia kila siku, na kiwete kweli, goti la kushoto. Faye akaniangalia. Halafu tukacheka mpaka mchungaji akachungulia mlangoni kuona kama tumekunywa kitu.

Halafu tukaacha kucheka. Kwa sababu Faye alinong'ona kwamba Lyle ameshaapa: theluji ikiyeyuka anatoa vitu vyake kambini. Kitanda chake, sufuria zake, kila kitu. Anajitoa. Kibanda kile cha kuwindia walikijenga watatu kwa mikono yao. Orville hayupo. Lyle akitoka, Del atakwenda huko kukaa na nani? Na Lyle akijua kwamba aliyemnyang'anya bunduki ya Orville ni Del, au Del akijua ni Lyle — basi. Itakuwa imekwisha kabisa, na hawa ni wazee, hawana miaka mingine arobaini ya kutafuta rafiki mwingine.

Nikamwuliza Faye, Lyle anaitakia nini? Faye akafuta macho kwa kiwiko chenye unga. Ati anataka airudishe kambini, juu ya jiko la kuni, pale ilipokuwa ikining'inia.

Ndivyo alivyoniambia Del juzi kitandani. Maneno yaleyale, jiko lilelile!

Tumekubaliana tusiseme kwanza. Ukimwambia Del sasa hivi kwamba ni Lyle, ataongeza dau kwa hasira, au atajitoa kwa kiburi na kununa mpaka Krismasi. Wa kwangu namjua.

Ijumaa, 14 Februari

Del kaniletea chokoleti za kituo cha mafuta, karatasi ya bei bado imebandikwa. Kadi kaandika mwenyewe: "Kwa Darlene, ambaye hajatiwa weusi upya." Nimecheka mpaka nimekohoa. Huyu mtu! Nywele zangu zote mvi na anaona ni sifa.

Nilitaka kumwambia palepale. Mdomo ulishafunguka. Akawa ameshageuka kutazama kama Texas amepanda.

Alikuwa amepanda.

Jumamosi, 15 Februari

Mvua ya barafu. Matawi yote yamevaa vioo. Del kamwaga chumvi ngazini na kunikataza kutoka. Halafu katoka yeye.

Jumapili, 16 Februari

Naandika hapahapa mezani, mkono mmoja. Mwingine una kazi.

Saa tisa u nusu Del alikuwa keshakaa mbele ya kompyuta, kanyoa, kavaa shati la kanisani. Texas alikuwa juu. Ilipobaki kidogo kufika saa kumi Del akabonyeza, akawa juu yeye. Saa ikarudi kumi na tano. Tukangoja Texas ajibu. Kimya. Dakika kumi na mbili. Kumi. Del akaanza kutabasamu — amekufa yule, kaishiwa!

Simu ikalia. Faye. Tawi limeangukia waya, mtandao umekatika nyumba nzima, na Lyle amepanda ngazi na koleo, kwenye barafu, mzee wa miaka sabini na mbili! Hasikii. Anasema lazima ajibu. Ati Darlene, fanya kitu, nitakuwa mjane leo kwa ajili ya bunduki.

Basi nikasema. Nikasema yote kwa pumzi moja: Texas ni Lyle. Mtandao wake umekatika. Yuko juu ya ngazi. Na anaitaka kwa ajili ya kambini, juu ya jiko, sawasawa na wewe, mpumbavu mkubwa, na nakupenda.

Del alinitazama. Akatazama saa. Dakika saba na kitu. Hakuna alichohitaji kufanya, angekaa tu hivyo alivyo na ingekuwa yake. Nilimwona analijua hilo. Nilikuwa naye humo jikoni na sikujua atafanya nini, baada ya miaka yote hii.

Akasema, "Mwambie ashuke kwenye ngazi."

Nikasema mwambie mwenyewe. Nikaweka simu kwenye spika, katikati ya meza, kando ya siagi.

Kule Faye akapiga kelele dirishani. Tukasikia mlango, buti, pumzi za mtu aliyechoka.

"Lyle," akasema Del.

"Ndiyo."

"Shuka kwenye ngazi."

"Nimeshashuka, la sivyo ningekuwa naongeaje na wewe?"

"Sawa. Mpe Darlene jina lako la kuingilia na neno la siri. Ana tableti yake ya mapishi. Atakubonyezea."

Zimebaki dakika tano. Lyle akauliza kwa nini. Del akakuna shavu alilolinyoa. Akasema hataki kumshinda mtu aliyekatikiwa na waya. Akasema, na hapa sauti ilimtoka ndogo, kwamba Orville asingekubali, na yeye mwenyewe pia hakubali.

Lyle akatoa neno la siri. Jina la Faye na mwaka wa ndoa yao. Halikufungua. Faye akapiga kelele kutoka nyuma: mwaka umekosea! Dakika tatu. Del alicheka! Mwaka mzima sijamsikia akicheka hivyo, mpaka akashika meza. Lyle akasahihisha mwaka, nikaingia, nikabonyeza. Nimeweka dau dhidi ya mume wangu mwenyewe, nikiwa na aproni. Saa ikarudi kumi na tano.

Halafu ikawa zamu ya Del, lakini muda upo, na simu iko wazi. Del akauliza barafu huko kwenu nene? Lyle akasema nene. Akauliza goti. Del akasema goti ndiyo hivyo. Lyle akakohoa, akasema kuhusu ile bastola, hakupaswa kuisema mbele za watu. Del akasema hakupaswa. Kisha akasema: "Lakini imetiwa weusi upya." Lyle akasema, "Najua." Del akasema, "Najua kwamba unajua. Nilijua siku niliyoinunua, bwana. Niliipenda hivyohivyo." Na mimi nikaenda kuangalia birika ambalo halikuwa na haja ya kuangaliwa.

Lyle ndiye aliyeuliza. Ungeiweka wapi? Del akasema unajua nitaiweka wapi. Lyle akasema pale pale? Pale pale. Basi nikasema, mabwana, kama ukuta ni mmoja na jiko ni moja, mnagombania nini? Mmoja akae kimya, iishe, mwende nayo pamoja kambini.

Dakika mbili zilikuwa zimebaki. Del akaweka dau — dogo kuliko yote yanayoruhusiwa. Saa ikarudi kumi na tano.

"Mavis anahitaji," akasema, bila kunitazama.

"Kweli," akasema Lyle kutoka kwenye spika. "Mavis anahitaji sana. Darlene, ndugu yangu, usibonyeze bado."

Sasa ni kiza nje na mnada wa saa kumi bado haujafungwa. Sijui tumebonyeza mara ngapi. Faye ameshakula. Del kaisogeza simu karibu naye, kafungua haradali, anaila kwa mkate na kumwambia Lyle anavyoila, na Lyle anamwita mwizi. Wamemzungumzia Orville. Wamezungumzia bomba la jiko la kambini, nani alilifunga vibaya mwaka ule moshi ulipowatoa nje na soksi. Hakuna aliyegusa habari ya kutoa kitanda.

Zimebaki dakika nne. Zamu ya Lyle, yaani yangu. Kidole kiko juu ya kitufe, nimeuliza nibonyeze?

Lyle anasema ningoje mpaka dakika ya mwisho kabisa, ili wazipate zote.