Pumzi Chini ya Gunia

Mama yangu,

Kutoka hapa Likasi ninakushika mikono yote miwili. Mguu wako umeacha kuvimba? Mvua imefika Kongolo, au bado mnapanda karanga kwenye vumbi? Mimi ni mzima, na safari hii sisemi hivyo ili kukutuliza.

Shangazi alikuambia habari za kichwa changu, ukaagiza nirudi. Ni kweli nilikuficha. Huku Shituru, mtaa wa viwanda hapa Likasi, napakia magunia ya mawe ya shaba kwenye lori. Kila nilipoinua gunia zito, kichwa kilinipasuka ghafla nyuma ya macho, nikaketi chini nikitapika. Nilimkumbuka baba alivyoanguka shambani ameshika kichwa, asiinuke tena, nikaona zamu yangu imefika.

Sisi wapakiaji tuna desturi: ukishanyanyua gunia, hupumui mpaka ulitupe juu ya lori. Anayepumua njiani anaitwa bibi arusi. Mimi nilikuwa bingwa. Maumivu yalipoanza nilizidi kubana, nikidhani ndiyo nguvu.

Nilipokwenda hospitali, daktari alinituma kwanza Lubumbashi nipigwe picha ya kichwa, maana maumivu ya ghafla namna ile yanaweza kuwa damu inayovuja ndani. Hawakuona kitu. Jambo la baba halimo ndani yangu, mama. Niliporudi aliniuliza nabebaje. Nikamwonyesha kwa kiti chake.

"Papa, weye unabana pumuzi sawa muntu iko ndani ya mayi," akasema kwa Kiswahili cha huku. "Acha ile. Anza na mizigo kidogo, mwili ipate moto. Na unywe mayi."

Akanipa pia vidonge vya kumeza kabla ya kazi, kwa majuma machache.

Kuacha kubana kulinishinda, mpaka nilipogundua kwamba anayeimba hawezi kubana pumzi. Nikaanza kuimba nyimbo zako za kwaya chini ya gunia. Papa Kalenga, mkubwa wetu wa kazi, akacheka: "Bibi arusi iko naimba ndoa yake yeye mwenyewe."

"Na weye ulete zawadi," nikamjibu.

Huu ni mwezi wa pili bila maumivu, na vidonge vimekwisha. Juzi nilimsikia Kalenga, gunia begani, akiimba kiitikio cha wimbo wako mmoja kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo sirudi sasa. Nitakuja Noeli kukuona, nikiwa mzima.

Msalimie shangazi mfichua siri, simkasirikii. Msalimie pia dada anayekuchotea maji. Na uniandikie ubeti wa tatu wa wimbo huo, nimeusahau. Kutoka ghalani mpaka kwenye lori, beti mbili hazitoshi.

Mwanao,
Ilunga